Bokoboko la Bi Khairiya

Mji wa Kale wa Mombasa haujapata kukosa matabibu. Kila baraza lina tabibu wake, na kila tabibu ana ugonjwa wake aupendao, humvisha yeyote apitaye. Mwanakuu binti Taib alikuwa amekwisha kuvishwa yote. Wazee wa barazani Kibokoni walisema ana pepo anayetaka kuchezewa ngoma. Mwalimu wa chuoni alisema ni kijicho. Majirani wa nyuma walisema ni kifua, wakawa wakiwaita watoto wao ndani akipita. Na mama mkwe wake wa zamani alisema, bila ya kupunguza sauti, kwamba yule hana ugonjwa wowote, ana tumbo lisilo na baraka tu.

Angalau huyu wa mwisho alitaja kiungo chenyewe. Tangu alipovunja ungo, tumbo la Mwanakuu lilikuwa likivimba kila akila, likinguruma, kisha likimkimbiza chooni alfajiri kabla watu hawajaamka. Alikuwa mwembamba wa kutia huruma, uso umepauka, ulimi una vidonda, mifupa ikimuuma kama ya bibi kizee. Haya si mambo ya kusimulia mbele za watu, naye hakuyasimulia. Mwanamke wa mjini hufundishwa kujisitiri, na yeye alijisitiri mpaka hata waliompenda hawakujua wamhurumie kwa lipi.

Alipata kuolewa. Mumewe, Badawi, alikuwa fundi wa kuchonga milango, mtu mpole asiyejua kugomba. Mwanakuu alishika mimba, ikatoka. Akashika nyingine, ikatoka. Akashika nyingine tena, na hiyo akaificha hata dada yake asiijue upesi, akidhani pengine jicho la watu halitaiona, nayo ikatoka. Mwisho mama yake Badawi akamwambia mwanawe kwamba nyumba haijengwi kwa subira peke yake, na Badawi akaja kutoa talaka huku akilia kuliko aliyeachwa. Ikabidi Mwanakuu ndiye ambembeleze. Kisha akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake Khairiya.

Khairiya alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, na mama yao alipokufa yeye ndiye aliyemlea. Sasa alikuwa mjane mwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, binti mmoja aitwaye Swabaha, na ulimi uliokuwa ukiogopwa na wauza samaki. Hakuwa mtu wa kukumbatia wala wa maneno matamu. Mapenzi yake yote aliyatia chunguni. Alimpa mdogo wake chumba cha chini kinachotazama ua, na kila alipomwona amelala kajikunja, alipanda juu akaroweka ngano.

Bokoboko la Bi Khairiya lilijulikana hadi Bondeni. Ngano hulala majini, kisha hupikwa na nyama mpaka nyama isahau kwamba ilikuwa na mfupa. Halafu hupondwa kwa mwiko mkubwa wa mti, hupondwa na kupondwa, hadi likiinuliwa livutike lisikatike. Hapo humwagiwa samli. Ndicho chakula cha mzazi, cha mgonjwa, cha wageni wa heshima, na hakuna mtu Mombasa asiyejua kwamba hurudisha nyama mifupani. Khairiya alilipika kwa mkono wake mwenyewe, akashuka nalo, akaketi ukingoni mwa kitanda na bakuli mapajani.

"Haya, fungua kinywa."

"Dada, sina hamu."

"Mgonjwa haulizwi uji, seuze bokoboko. Kula, mdogo wangu. Wajiona ulivyokonda?"

Naye alikula. Alikula kwa sababu lilikuwa tamu, na kwa sababu uso wa Khairiya, ambao siku zote ulikuwa umekunjwa kwa hasira za dunia, ulikunjuka kila tonge liliposhuka. Hata zamani, Mwanakuu alipokuwa kwa Badawi, kila mimba ilipojulikana Khairiya alivuka mtaa asubuhi na bakuli lililofunikwa kawa. Mvua inyeshe, jua liwake, bakuli lilifika. Watu walimsifu, wakasema dada kama huyu hapatikani.

Vikaja vita vya Wazungu, vikala chakula cha watu wasiokuwamo. Mchele wa Bama, uliokuwa ukija kwa meli, ukakatika. Ngano ikawa ya askari. Watu wakapanga foleni wakapewa mahindi ya njano, ambayo wenye kujiona waliapa kwamba ni chakula cha farasi, kisha wakayala usiku wamefunga milango. Mji mzima ukakonda. Mwanakuu akanenepa.

Si utani. Mashavu yalimjaa. Alipanda ngazi bila ya kushika ukuta. Damu yake ya mwezi, iliyokuwa ikija na kupotea kama mgeni asiye na adabu, ikashika zamu yake. Akawa anacheka, na ikaonekana kwamba ana mwanya mzuri ambao wengi hawakuwa wakiujua. Wakati wengine wanaota mahamri, yeye alikuwa akichemsha muhogo na kumshukuru Mungu, na majirani wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini huyu anaficha gunia wapi.

"Ni kombe la mwalimu limeshika," alisema Khairiya, aliyekuwa amemnywesha maji ya zafarani yaliyooshwa aya kwa miaka. Mwanakuu naye akaamini. Ungekuwa wewe ungeamini nini?

Vita vikaisha, na baada ya muda unga ukarudi madukani. Khairiya alifurahi kama aliyerudishiwa mwana. Ikawa asubuhi mahamri, jioni chapati, na Ramadhani ilipofika tambi na kaimati. Bokoboko likawa la kila wiki, maana huyu mdogo wangu, alisema, amevumilia shida, sasa na alipwe. Kabla ya mwaka kwisha Mwanakuu alikuwa kitandani tena, kajikunja, uso wa majivu. Safari hii ilimuuma zaidi. Zamani alidhani watu wote wamebeba mwili mzito kama wake, wanajikaza tu. Sasa alikuwa amekwisha kuonja uzima, na alijua anachokosa.

Hilo ndilo lililompeleka Bondeni kwa Daktari Fakhruddin. Alikwenda peke yake amejifunika buibui, bila ya kumwambia dada yake, kwa sababu Khairiya alishikilia kwamba madaktari hupasua kwanza wakauliza baadaye. Huyu hakupasua. Alikuwa Mhindi wa Kibohora mwenye ndevu fupi, amesomea Bombay, na mkewe Marziya huketi ndani ya chumba wagonjwa wakiwa wanawake, akifunga vidonge katika karatasi. Daktari alimtazama Mwanakuu kope za macho, ulimi, kucha, akambonyeza tumbo juu ya nguo. Kisha akaanza kuuliza, na alikuwa na maswali ya mtu asiye na haraka.

"Umeumwa siku zote, bibi? Haikuacha hata kidogo?"

"Siku zote, daktari. Isipokuwa wakati wa vita."

Daktari akainua kichwa. "Wakati wa vita ulikula nini?"

"Kilichokuwako. Muhogo. Mahindi yale. Mtama. Samaki akipatikana."

"Na nini hukula?"

Hilo hakuwa amepata kuulizwa. Mgonjwa huulizwa amekula nini, amekanyaga nini, amekula kwa nani. Mwanakuu alifikiri akitazama vidole vya Marziya vikikunja karatasi.

"Mahamri hatukula. Mkate. Chapati. Tambi. Na bokoboko."

"Na vyote hivyo vimetengenezwa kwa kitu gani?"

"Ngano," akasema Mwanakuu.

Daktari hakushangilia. Alikaa akisugua ndevu. "Sitakudanganya, bibi. Bombay tulifundishwa maradhi yanayofanana na haya. Mtu anakula, chakula kinapita, mwili haupati kitu. Tukaambiwa tuwape ini, tuwape ndizi. Kwa nini ngano ikudhuru wewe, sijui, wala sijaona kitabu kilichoandika hivyo. Lakini mwili wako unasema, na mimi nausikiliza. Acha ngano. Yote. Usionje hata mchuzi uliochovywa mkate. Kaa hivyo, halafu uje nikuone. Ukiwa mzima, utaila tena kidogo, tuone. Ikikurudi, basi tumeshika mwizi."

Mwanakuu alisimama kuondoka, akafika mlangoni, akarudi. Lilikuwa swali ambalo hakutaka kulitoa mbele ya mwanamume, akalitoa akimtazama Marziya.

"Na mimba, je? Zilizotoka?"

Mume na mke walitazamana. "Mwili unaokufa njaa ndani utambeba nani?" akasema daktari polepole. "Huenda ni hiyo. Lakini siwezi kuapa, bibi. Mungu ndiye ajuaye."

Njia ya kutoka Bondeni hadi Kibokoni si ndefu, lakini siku ile Mwanakuu aliiona haishi. Bakuli lililofunikwa kawa lilitembea naye. Kila asubuhi. Mvua, jua. Kwa urefu wa mtaa mmoja alimchukia dada yake, chuki safi ambayo hajapata kuihisi kwa mtu yeyote, hata kwa mama yake Badawi. Alipopinda kona chuki ikamwacha, ikabaki huruma, na huruma ndiyo iliyomkalisha kwenye kizingiti cha nyumba ya watu akalia ndani ya buibui. Khairiya, ambaye alimlea, ambaye hakuzaa tena baada ya Swabaha na aliwangoja wale watoto kama wake! Akijua haya atakufa. Si mjinga yule. Ukimwambia ngano, atarudi nyuma bakuli moja baada ya jingine mpaka afike pale. Basi hataambiwa. Mwanakuu aliapa pale pale kizingitini kwamba siri hii itaingia naye kaburini, akajipangusa uso, akaenda nyumbani.

Lakini siri ya namna hii haikai bure, hutaka kodi. Jioni ile Khairiya alishuka na bakuli.

"Dada, nimekwenda kwa daktari. Amenikataza ngano."

"Daktari gani?"

"Wa Bondeni."

"Akakukataza chakula changu?" Khairiya aliweka bakuli juu ya kasha. "Mji mzima hula ngano, mbona hawafi? Mbona miye sifi? Kakwambia ina nini?"

Hapo ndipo Mwanakuu angeeleza. Angesema habari za vita, na muhogo, na mashavu. Alifungua kinywa, akaona maneno yanakoelekea, akakifunga.

"Hakueleza. Amekataza tu."

"Hakueleza." Khairiya akamtazama sana. "Weye wajua watu walisema nini ulipoachwa? Walisema kuna mtu amekulisha kitu. Nani aliyekuwa akikulisha, Mwanakuu? Ukikataa chakula changu leo, watakumbuka. Hebu kula tonge moja, tuyamalize."

"Siwezi, dada. Nisamehe."

Khairiya alichukua bakuli lake, akapanda ngazi. Hakupiga kelele, na kwa aliyemjua hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwanakuu akanunua chungu chake na sufuria yake, akapanga mafiga uani. Ilimbidi, kwa kuwa jikoni kwa Khairiya mwiko ule ule wa ngano uligusa kila kitu. Lakini katika mji ule wanawake wawili wa damu moja wakitenga vyungu chini ya paa moja, watu hawaulizi sababu. Wanaijua. Kabla ya wiki kwisha barazani walikuwa wakisema kikulacho ki nguoni mwako. Wakasema ndiyo maana hakuzaa. Wakasema ameenda kwa mganga wa Kihindi, akatazamiwa, akaonyeshwa uso wa dada yake ndani ya maji. Marziya na karatasi zake za vidonge angecheka, kama angelisikia.

Mwanakuu alipona. Tumbo likatulia, ulimi ukapona, akalala usingizi mzima. Alirudi Bondeni, na daktari akamtazama kope akatabasamu, akasema sasa imebaki kula ngano tena kidogo ili ajue kwa yakini. Mwanakuu akasema yeye amekwisha jua. "Bila ya hilo mimi siapi," daktari akasema. "Basi usiape," akajibu, na wote wakacheka.

Ndicho kicheko pekee alichokicheka msimu ule. Uzima nao hutaka mtu wa kuuona. Aliinuka asubuhi ana nguvu za kubeba mtungi, na hakuna wa kumwambia "Alhamdulillahi, leo wang'ara." Alipika wali wake na samaki wake, akaketi juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akala akisikiliza mwiko ukigonga sufuria juu. Aliwajua wageni kwa miguu yao. Alijua Swabaha amecheka, asijue amecheka nini. Khairiya akishuka kwenda kisimani alipita na ndoo yake macho mbele, kama anayepita nyumba ya watu. Wakati mwingine Mwanakuu alisema "Sabalkheri, dada," na akajibiwa "Sabalkheri," kwa sauti ambayo mtu humpa mpangaji. Alipokuwa mgonjwa alikuwa na dada. Hesabu hii aliifanya kila siku, na kila siku ilimshinda.

Habari za harusi alizipata kwa Mbeyu, mwanamke wa bara aliyekuwa akimletea muhogo na ndizi. "Hongera, mama," Mbeyu alisema akitua kapu, "nasikia mwaoza." Mwanakuu aliitikia kama aliyejua, akamlipa, akaingia chumbani kwake. Swabaha, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kusuka nywele, anaolewa, na yeye anaambiwa na muuza muhogo. Aliketi kitandani mpaka muhogo uliokuwa motoni ukakaukiwa maji, ukaungua.

Siku tatu kabla ya harusi Swabaha mwenyewe alishuka, mikono imejaa hina, akasimama mlangoni.

"Mama mdogo, njoo. Mama hasemi, lakini kila akipanga watu huacha nafasi moja. Nimemwona."

Basi alikwenda. Asubuhi ya harusi alivaa leso mpya, akapakua wali wake katika sahani, akaifunika, akapanda ngazi ambazo hajazipanda tangu walipotenga vyungu. Nyumba ilijaa wanawake, asumini na udi. Masinia yalikuwa yamekwisha tandazwa juu ya mikeka, na katikati ya kila sinia bokoboko limefanya kisima cha samli. Watu wa bwana harusi walikuwa wamewasili, wakiongozwa na mama yake, Bi Mwanabaraka, mwanamke mnene mwenye heshima zake na masikio yasiyopitwa na jambo. Mwanakuu aliketi pembeni kabisa, karibu na mlango, akaweka sahani yake magotini.

Bi Mwanabaraka aliiona. Aliitazama sahani ile iliyofunikwa, akatazama sinia, akamtazama Khairiya aliyesimama na upawa mkononi akingoja wageni waanze. Mkono wake, aliokuwa amekwisha kunawa, akaurudisha mapajani.

"Bi Khairiya, Mungu akuzidishie," alisema kwa upole mkubwa. "Chakula chanukia. Lakini kwetu mgeni hamtangulii mwenyeji. Na aanze mdogo mtu."

Nyumba ikanyamaza. Hakuna aliyesema uchawi, hakuna aliyesema sumu, na wote waliyasikia maneno hayo. Wanawake wa bwana harusi wakarudisha mikono mmoja mmoja. Swabaha, aliyekuwa chumba cha ndani amefunikwa, akajua kuna kitu kwa ule ukimya. Khairiya hakusogea. Ulimi ule uliowaogopesha wauza samaki ulikuwa umekufa kinywani. Alimtazama mdogo wake, na machoni mwake hamkuwa na amri wala hasira. Alikuwa mwanamke anayengoja kuvuliwa nguo mbele za watu.

Mwanakuu aliweka sahani yake chini. Akapita katikati ya mikeka, akaketi penye sinia la Bi Mwanabaraka, goti kwa goti, akanawa.

"Bismillahi," akasema.

Akatia mkono. Bokoboko likavutika, refu, jeupe, lisikatike, kama linavyotakiwa. Akala tonge, akala la pili, akala la tatu. Lilikuwa tamu kuliko alivyokumbuka, na hilo nusura limlize. "Mkono wa dada yangu haujapata kukosea," alisema, sauti ikifika hadi ngazini. "Miye nilikuwa na mwiko wa dawa, siku zake zimekwisha. Kuleni, wakwe zetu, lisipoe."

Bi Mwanabaraka akala. Kisha wote wakala, na mazungumzo yakarudi kama mvua. Mwanakuu aliinua macho. Pale penye mlango wa jikoni uso wa Khairiya ulikuwa unakunjuka, kunjo baada ya kunjo, kama zamani ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameukosa uso ule kuliko alivyokosa chakula chochote. Akajipakulia tena.

Adhuhuri ilimkuta chumbani kwake, na kabla ya alasiri kuadhiniwa alikuwa hajiwezi. Alitapika, akaendeshwa, akajikunja. Juu ngoma zilikuwa zikilia na vigelegele vikipigwa, na alifurahi kwamba zinalia, maana hakuna atakayemsikia. Daktari angetaka kujua kwa yakini; yakini ndiyo hii. Siku ya pili ilikuwa hivyo, na siku iliyofuata pia.

Bibi harusi alipokwisha kupelekwa kwake na nyumba ikabaki tupu, Khairiya alishuka. Hakupiga hodi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, bakuli mapajani, moshi mwembamba ukipanda.

"Nimesikia waumwa. Mbona hukuniita? Haya, fungua kinywa, mdogo wangu."

Mkono wake ulinyanyua tonge. Likavutika kutoka bakulini hadi nusu ya njia, na hapo mkono ukasimama. Khairiya alilitazama tonge. Akatazama uso wa majivu juu ya mto, midomo iliyopasuka, tumbo lililovimba chini ya leso. Alikaa hivyo mpaka samli ikamchuruzika kidoleni.

"Ulikuwa mzima," akasema. "Miezi yote ile. Nikikuona wabeba mtungi, nikikuchukia kwa uzima wako."

Akaliinua tonge.

"Ni hili?"

"Ni hilo, dada."

"Na ulijua. Ulijua, ukala mbele yao."

"Nilijua."

Khairiya alirudisha tonge bakulini, akalifunika bakuli kwa kawa. Vidole vyake vikabaki juu ya kawa, na Mwanakuu akajua dada yake amekwisha fika. Amerudi nyuma bakuli kwa bakuli, amevuka mtaa, mvua na jua, amesimama mlangoni kwa Badawi.

"Na zile mimba?"

"La," akasema Mwanakuu upesi. "La, dada. Hilo nilimuuliza daktari. Mimba ni mambo mengine kabisa. Amri ya Mungu."

"Alisema hivyo?"

"Aliapa."

Khairiya alimtazama kama mtu anayetazama mlango ambao akitaka anaweza kuusukuma. Hakuusukuma. "Alhamdulillahi," akasema, akainuka na bakuli lake, akatoka.

Asubuhi Mwanakuu aliamshwa na mlio wa moto uani. Alijikokota hadi mlangoni. Khairiya alikuwa amechutama mbele ya mafiga ya mdogo wake, amempa mgongo, na juu ya mafiga kilikuwa chungu cha mdogo wake, uji wa mchele ukitokota ndani kwa tui. Chini ya chungu ulikuwa ukiungua mwiko wa bokoboko, umevunjwa vipande viwili. Ulikuwa mwiko wa mama yao. Samli ya miaka yote iliyouingia ilikuwa ikilia na kutoa ndimi ndefu za moto.

Mabega ya Khairiya yalikuwa yakitikisika. Aliposikia nyayo alijifuta macho kwa ncha ya leso, hakugeuka.

"Kuni hizi mbichi," akasema. "Zina moshi."

"Ndiyo, dada," akasema Mwanakuu. "Mbichi."

Akaketi kando yake juu ya kibao cha mbuzi. Uji ulipoiva Khairiya aliumimina katika sahani moja, akaiweka kati yao, wakaunywa kwa zamu, kila mmoja akitazama upande wake wa ukuta.